Kompyuta Si ya Wachache



Nimeombwa nizungumze juu ya mafunzo ya kompyuta, nami nafurahi kufanya hivyo hapa Mutuka, maana jambo hili si la watu wa Dar es Salaam peke yao. Tangu msimu wa 2022/2023 mkulima anayetaka mbolea ya ruzuku huandikishwa katika mfumo wa kompyuta na kupewa namba yake. Asiyejua vyombo hivi humtegemea mwingine amsomee, na mtu wa kusomewa kila kitu bado hajawa huru.

Lakini wako watu wetu waingiao darasa la kompyuta siku mbili, na siku ya tatu hawaonekani. Kwa nini? Baadhi ya walimu husema: huyu ni mtu wa kusikia, yule ni wa kuona, na yule ni wa kushika kwa mikono, basi kila mmoja afundishwe kwa namna yake tu. Maneno haya yameenea duniani, na yanapendeza masikioni. Hata hivyo, mwaka 2008 wataalamu wanne wa Marekani, akiwamo Harold Pashler, waliyachunguza, wasipate ushahidi wa kutosha wa kuyategemea.

Je, maana yake watu wote ni sawa? Hasha! Watu hutofautiana katika yale wanayoyajua tayari, na katika mwendo wao. Kijana aliyezoea simu na mama anayeshika kipanya leo kwa mara ya kwanza wakipelekwa kwa mwendo mmoja, mmoja atachoka na mwingine ataaibika.

Jambo hili taifa letu lilikwisha kulijua. Katika kampeni ya kufuta ujinga ya 1971 hadi 1975, vitabu vya kisomo vilifuata kazi za watu: mkulima wa pamba chake, mvuvi chake, mfugaji chake. Na mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao 2,000,000 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hakuna aliyeambiwa, "Wewe ni wa redio," au, "Wewe ni wa jembe." Wote walisikia, wote walizungumza, wote walitenda.

Basi na somo la kompyuta liwe hivyo. Mkulima wa mbaazi aanze na hesabu ya magunia yake mwenyewe. Mwalimu aeleze kwa maneno machache, aonyeshe, kisha aondoe mkono wake kwenye kipanya ili mwanafunzi ajaribu. Kesho mwanafunzi arudie bila ya kuonyeshwa. Na masomo ya mtandaoni, mtu akiyatazama peke yake katika simu, ni kama ile redio pasipo kikundi: sauti inafika, lakini hakuna wa kuulizwa. Tuyatazame pamoja, watu watano au sita, tukiwa na kiongozi wetu.

Ndugu walimu, msimwite mtu mjinga kwa sababu vidole vyake ni vizito. Vidole hivyo vimezoea jembe, na jembe ndilo linalotulisha. Nanyi wazee wetu, msione haya kuuliza mbele ya watoto wenu.

Ujinga tulipambana nao kwa chaki na ubao. Leo tupambane nao kwa kompyuta, pasiachwe mtu nyuma.

Elimu haina mwisho!