Vivutio Tunavyovipita: Kutoka Boma la Kale hadi Buguruni

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wageni kutoka sharika rafiki, Buguruni, Dar es Salaam.)



Nimeombwa nizungumzie vivutio vya utalii ambavyo watu hawavitembelei. Neno kivutio likitajwa, wengi huwaza Serengeti, Kilimanjaro na Zanzibar. Ratiba za wageni nazo ziko hivyo hivyo: siku moja ya kukagua mradi, kisha Mikumi au Bagamoyo. Buguruni mgeni huivuka akiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa. Napenda kuonyesha kwamba kutoka Kivukoni hadi hapa tulipo, mwendo usiozidi kilomita 7, kuna historia inayomstahili mtu aliyevuka bahari.

Tuanze na Boma la Kale, karibu na bandari. Lilijengwa miaka ya 1866 na 1867, enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, ili kuwapokea wageni wake. Yaani moja ya majengo ya zamani kabisa ya mji huu ni nyumba ya wageni! Hatua chache kutoka hapo liko Kanisa la Azania Front, ambalo wamisionari wa Kijerumani walianza kulijenga mwaka 1898.

Tukipanda Mtaa wa Samora tunaikuta Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927. Watalii huipiga picha, wakaondoka. Wachache husoma maandishi yake ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, wakatambua kwamba inawakumbuka pia wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa Afrika Mashariki, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Kumbukumbu yao kubwa zaidi haiko pale Samora. Vukeni Mnazi Mmoja, uwanja ambao zama za ukoloni ulitenganisha mji wa Wazungu na Wahindi na mji wa Waafrika, mtaikuta. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kilipiga kambi upande wa pili. Watu walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Leo vijana wanaosukuma mikokoteni na kubeba marobota mahali pale wanafanya kazi ileile iliyoupa mtaa jina, na wengi wao hawajasimuliwa habari hiyo.

Jengo la soko lenyewe lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake la zege lina umbo la miavuli mikubwa inayokusanya maji ya mvua na kuyateremsha kwenye matangi. Sisi wa miradi ya maji tungeweza kujifunza mengi pale. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliliunguza soko hilo. Tukio lile litukumbushe kwamba urithi usiotazamwa hupotea bila watu kujua thamani yake.

Karibu na hapo, Mtaa wa Lumumba, ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Kisha tunaifuata Barabara ya Uhuru, kwenye maduka ya kanga, tunapita Ilala Boma na Malapa, hadi Buguruni. Hapa tuna soko la matunda na mboga. Tuna Shule ya Viziwi, iliyoanza miaka ya 1970 na ambayo jina lake limekuwa alama ya kuelekeza njia. Tuna Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914.

Ndugu zangu, hapa tuwe waangalifu. Umaskini si kivutio. Huko Kibera, Nairobi, ziara za wageni zimelalamikiwa kwa kuwageuza watu kuwa maonyesho. Soweto, kwa upande mwingine, wageni huenda Mtaa wa Vilakazi kwa sababu Mandela na Tutu walikuwa na nyumba pale. Wanafuata historia, na wenyeji ndio wasimuliaji. Mama muuza ndizi wa Buguruni naye ana haki ya kutazamwa machoni kabla ya kutazamwa kupitia kamera.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne kwa kamati zetu:

1. Msimulizi awe mkazi wa eneo husika na alipwe. Anayetaka kuifanya kazi hii kama ajira asaidiwe kupata leseni, kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008.

2. Mtu asipigwe picha bila ridhaa yake. Shuleni tuingie tukialikwa, na masomo yasikatizwe.

3. Chakula na zawadi vinunuliwe njiani, kwa mama lishe na kwenye maduka ya kanga, kwa bei ya kawaida.

4. Kila usharika ukusanye masimulizi ya wazee wake na kuyaandika, kwa sababu mzee akiondoka huondoka na mtaa mzima kichwani.

Kwa wafadhili wetu: katika jambo hili hatuombi fedha. Tunaomba nusu siku ya ratiba yenu na viatu vya kutembelea. Mtakapoandika taarifa zenu, wasomaji wenu wataijua Buguruni kwa historia na kazi ya watu wake, si kwa orodha ya mahitaji peke yake. Ushirika wa namna hiyo ndio unaodumu hata mradi ukifikia kikomo.

Karibuni tutembee.