Kabati la Jikoni Lisilooza

Msikilizaji, ukiagiza kabati la jikoni kwa mafundi wa Gisozi hapa Kigali, usitazame mng'ao pekee. Muulize fundi anapaka nini. Laka ya kawaida hukauka upesi na hupendeza, lakini chini ya sinki haidumu. Omba vanishi ya polyurethane, hasa ile inayochanganywa na hadena. Hustahimili maji, mvuke na sabuni. Ipakwe mikono mitatu myembamba, msasa laini ukipita katikati.

Tena nakusihi, simamia hili mwenyewe: ncha za mbao, mgongo wa kabati na matundu ya bomba vipakwe kabla halijafungwa ukutani. Maji huanzia huko. Na msimu wa mvua, Machi hadi Mei, mbao zikaushwe vizuri kwanza. Vanishi juu ya mbao mbichi hubanduka.