Mbele ya kutangaza nani wa mwisho



Wengine wenu munataka leo usiku tutangaze palmarese ya vituo vya afya vya muji, wa kwanza mpaka wa mwisho. Mimi naomba tungoje. Niko na diplome ya statistiki na sina kazi, basi angalau munisikilize kwa hii.

Liste yetu imepangwa kwa asilimia: watoto waliochanjwa, unagawanya na watoto wote wa eneo. Lakini hao wote ni wangapi? Kongo ilihesabu watu mara ya mwisho mwaka 1984. Tangu pale ni kukadiria tu, na vita inahamisha watu kila mara. Ndiyo maana unasikia eneo fulani limechanja watoto 110%. Wale kumi wa ziada nani aliwazaa?

Tena hatujauliza kila kituo kinatumika na nini. Mwaka 1978, Charnes, Cooper na Rhodes walitoa njia ya kulinganisha shule ao hospitali kwa kuangalia pamoja vinavyoingia na vinavyotoka. Mwaka 1999 Cooper na wenzake wakaipanua kwa namba zisizo kamili: kama hauna namba moja ya hakika, unaweka ya chini na ya juu.

Tufanye mfano, namba ni zangu tu. Kituo A kimechanja watoto 900. Infirmiye wako kati ya 10 na 12, juu wengine hawana matrikile wala mushahara, kuna siku wanaenda kutafuta maisha. Kila mmoja amechanja watoto 75 mpaka 90. Kituo B: watoto 850, infirmiye 10 kamili, ni 85. Kituo C: watoto 400 tu, infirmiye 2 mpaka 4. Ni 100 mpaka 200.

Mupe C namba yake mbaya kabisa, mupe A namba yake nzuri kabisa: C iko mbele. A na B? Hakuna anayeweza kusema nani anapita mwenzake, na tuandike vile.

Sisemi kwa C mambo iko sawa. Watoto wanabaki bila chanjo. Lakini kwa liste yetu, C ndiyo ingekuwa ya mwisho, wakubwa wangefukuza infirmiye mmoja, na watoto wa pale wangebaki na nani?

Nahitaji watu wawili kwa kila kituo, siku tano, na buku: kuhesabu infirmiye walio kazini asubuhi na mchana. Nani anaanza kesho?