Pango la Katoni: Kutengeneza Mchezo wa Amani kwa Vitu vya Nyumbani

Mazungumzo kwa wasaidizi wa vikundi vya vijana, Kalemie

Tumeombwa kueleza namna tulivyotengeneza mchezo wa pango pamoja na vijana wa vijiji viwili, kimoja cha Batwa na kimoja cha Baluba, na namna ninyi pia mnavyoweza kutengeneza wa kwenu bila kungoja mfadhili. Tutaeleza vifaa, kisha sheria, na katikati tutasimama kwenye swali moja lililotushika siku nzima: katika mchezo huu, adui ni nani?

Mchezo huu ni wa aina gani?

Kuna michezo ya ubao ambayo wachezaji huingia mahali penye giza chini ya ardhi, hufungua vyumba kimoja kimoja, hukutana na hatari, hutafuta mali, kisha hutafuta njia ya kutoka. Aina hii ilikua Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons. Nakala za kwanza zilikuwa 1000 tu, na masanduku yake yalipangwa kwa mikono nyumbani, katika mji mdogo wa Lake Geneva. Mwaka 1975 ukatoka Dungeon!, mchezo wa ubao wa David Megarry. Mwaka 1989 kampuni ya Milton Bradley, pamoja na Games Workshop, ikatoa HeroQuest, wenye sanamu nyingi za plastiki.

Tunataja historia hii kwa sababu mbili. Ya kwanza: kazi ambayo leo inauzwa kwa bei kubwa ilianza kwa karatasi na mikono ya watu wachache nyumbani. Hata sisi Waafrika tunajua jambo hilo. Igisoro ya Rwanda, omweso ya Uganda na bao ya pwani huchezwa kwa vishimo na mbegu, na ukikosa ubao unachimba chini. Hakuna mzee aliyesubiri mradi ndipo acheze.

Sababu ya pili ni sheria. Katika Dungeon! wachezaji hushindana, na anayetangulia kutoka na mali inayotakiwa ndiye mshindi. Katika HeroQuest mchezaji mmoja hushika upande wa uovu na wengine hupigana na viumbe vyake. Kwa watu wengine hiyo ni burudani tu. Sisi tunaishi Tanganyika. Tangu mwaka 2013 Batwa na Baluba wa jimbo hili wameumizana, na katika miaka ya 2016 na 2017 watu wengi sana waliacha vijiji vyao na kukimbilia karibu na Kalemie. Tukichukua sheria hizo kama zilivyo, tutawafundisha vijana kwamba anayetangulia kuchukua ndiye mwenye haki.

Hata jina tulilibadilisha. Neno lile la Kiingereza lina maana ya gereza la chini ya ardhi, na kwetu neno la karibu ni kasho. Lakini wapo vijana ambao baba zao wamelala kasho, na wengine wamelala wenyewe. Kwa hiyo tulisema pango. Vijana waliowahi kuchimba huko Manono walikubali upesi, kwa maana wao wanajua shimo, wanajua hewa ikipungua, na wanajua thamani ya taa.

Vifaa

Chukueni upande mmoja wa katoni kubwa ya bidhaa. Kateni kipande cha sentimeta 32 kwa 48. Kikigawanywa katika miraba ya sentimeta 8, mnapata vipande 24 kamili, bila kutupa kitu. Hivyo ndivyo vyumba na njia za pango. Kila kipande kichorwe upande mmoja, na upande wa pili ubaki mtupu, ili vikilala chini mtu asijue kipi ni kipi.

Kwa kuchora, makaa yanatosha, ila yanafutika. Afadhali kununua kalamu moja nzito nyeusi. Mkimaliza, sugueni mshumaa juu ya mchoro, ili nta izuie unyevu wa ziwa. Kama katoni ni nyembamba, gandisheni mbili kwa uji mzito wa unga wa muhogo, mziweke chini ya jiwe usiku mzima. Lakini mende na panya wanapenda uji huo, kwa hiyo mchezo ulale ndani ya kopo lenye mfuniko.

Wachezaji ni vifuniko vinne vya chupa, kila kimoja na alama yake. Taa ya pango ni njiti za kiberiti. Mali inayotafutwa ni maharagwe 12 ndani ya kitambaa kilichofungwa.

Dadu hatukutumia. Wazazi wengi wakiona dadu wanafikiri kamari, na hatukutaka kuanza kazi ya amani kwa ugomvi na wazazi. Tulichukua vifuniko sita, tukaviandika 1 mpaka 6, tukavitia mfukoni. Mchezaji anatoa kimoja bila kutazama. Kifuniko kilichotoka kinabaki nje mpaka vyote sita viishe, ndipo vinarudishwa. Jambo hili lina faida. Kwa dadu, mtu anaweza kurusha mara sita asipate 6 hata mara moja, na hali hiyo hutokea karibu mara moja katika kila tatu. Kwa mfuko, 6 lazima itoke katika zamu sita, na 1 pia. Vijana waliposhika hilo walianza kuhesabu na kuulizana: nani atoe sasa, na nani angoje?

Michoro iwe mingi na maandishi yawe machache. Upande huu na upande ule wapo vijana wengi ambao hawakupata nafasi ya shule, na mchezo unaosomwa na wawili tu kati ya wanne tayari umeweka wakubwa na wadogo.

Sheria

Hadithi ni fupi. Zamani za makimbizi, wazee wa vijiji viwili walificha mfuko mmoja wa mbegu pangoni. Msimu wa kupanda umefika. Watu wanne wanaingia kuutafuta: mbeba taa, muuguzi, fundi wa kamba, na mkalimani. Kila mmoja ana kazi ambayo wengine hawaiwezi, na kabla ya kuanza alama zinachanganywa, ili asiwepo mtu wa kuchagua ukubwa.

Kila mchezaji akipata zamu yake anasogea vipande viwili, na kila mara anapoingia mahali papya anafunua kipande. Wote wanne wakishacheza, njiti moja inaondolewa. Njiti zikiisha wakiwa bado ndani, wote wameshindwa. Wakitoka na mfuko, wote wameshinda.

Palipo na hatari, mchezaji anatoa kifuniko. Akipata 4 au zaidi amepita, maana yake ana nafasi 3 katika 6 kama mfuko umejaa. Akiwa na mwenzake mmoja kando yake, anaongeza 1, na nafasi zinakuwa 4. Akiwa na wenzake wawili, zinakuwa 5. Hatukuhitaji kuhubiri umoja. Baada ya zamu chache wanaona wenyewe kwamba anayejitenga anaumia.

Aliyeshindwa hatoki mchezoni. Anakuwa majeruhi, hawezi kutembea, na anayembeba anasogea kipande kimoja tu. Muuguzi akimfikia anapona. Kundi linaweza kumwacha na kukimbia, na hakuna sheria inayokataza, lakini mfuko wa mbegu unabebwa na watu wawili, na pango halifunguki mpaka wote wanne wafike mlangoni.

Adui ni nani?

Tulipofika kwenye kuchora hatari, tuliwaachia vijana. Walichora nyoka, maji yanayopanda, popo, mawe yanayoanguka. Kisha kijana mmoja akaleta kipande chenye kiumbe kifupi, kimeshika upinde na mshale. Chumba kilinyamaza. Katika vita vyetu mishale imeua watu wa pande zote mbili, lakini ule ufupi wa kiumbe ulikuwa unamtaja mtu. Vijana wa Kitwa waliangalia chini. Mmoja wao akachukua kalamu, akachora kiumbe kirefu chenye panga, akakiweka kando ya kile cha kwanza.

Wapo watakaosema msaidizi angevichana vile vipande palepale. Sisi tuliviacha mezani, tukauliza swali moja: mkivifunua pangoni, mtafanya nini? Wa kwanza akasema, tutakiua. Mwingine akauliza, na mkalimani anafanya kazi gani basi? Mabishano yalikwenda mpaka saa ya chakula. Baada ya chakula, msichana mmoja aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi akasema: «Nyoka hana mikono. Maji hayana mikono. Hivi viwili vina mikono, kwa hiyo vinaweza kupokea kitu.»

Hapo ikazaliwa sheria ambayo leo ndiyo ya kwanza katika mchezo wetu: chenye mikono si adui. Vile vipande viwili havikutupwa. Vimo katika pango mpaka sasa. Lakini upinde na panga vilifutwa, na mikono ikabaki wazi. Anayefunua kipande hicho anamwita mkalimani. Mkalimani akifika, yule mtu wa pangoni anaonyesha njia fupi, ila anaomba njiti moja. Kundi lazima likubaliane kama litatoa.

Ndugu wapendwa, hatuwezi kuwaambia kwamba siku ile wale vijana walipendana. Walirudi kila mmoja kwao, na njiani hawakuongea sana. Tunachosema ni kwamba sheria ile waliitunga wao, kwa kalamu moja, na wiki iliyofuata wote walirudi kuona kama inafanya kazi.

Uvumi

Hatari ya mwisho haina mwili. Tulitengeneza karatasi sita za uvumi: tatu za kweli, tatu za uongo. Moja inasema kaskazini kuna maji, nyingine inasema mbeba taa ameficha njiti. Anayefunua alama ya mdomo anatoa karatasi na kuwaonyesha wote. Kundi linaweza kuamini, linaweza kupuuza, au linaweza kutoa njiti moja ili kugeuza karatasi na kuona alama ya kweli nyuma yake. Kuhakikisha kuna gharama, na kutohakikisha kuna gharama pia. Sisi sote hapa tumeona kijiji kikikimbia kwa sababu ya neno lisilo na mwenyewe, kwa hiyo hatuna haja ya kueleza zaidi.

Kujaribu na kurekebisha

Mchezo hauko tayari siku ya kwanza. Tulianza na njiti 30, na makundi yote yalitoka bila jasho. Kwa 15 hakuna aliyetoka, na vijana wakakata tamaa. Tulibaki na 20, ambapo mara nyingine wanatoka na mara nyingine wanashindwa, na kila wakishindwa wanasema tuanze tena. Badilisheni jambo moja tu kwa mara moja, mwandike kwenye daftari, ndipo mjaribu tena. Na wajaribishaji wasiwe marafiki zenu peke yao. Mwiteni mama anayeuza samaki, mwiteni mzee wa baraza. Wasipoelewa sheria kwa dakika tano, sheria ndiyo ndefu.

Maharagwe 12

Wakitoka pangoni, kitambaa kinafunguliwa na maharagwe 12 yanamwagwa mezani. Hapa hatukuweka sheria yoyote ya kugawa, ila moja: kopo halifungwi mpaka wote wanne wamekubali. Mtaona mambo. Wengine watagawa tatu tatu. Wengine watasema aliyebebwa apate kidogo, na wengine watasema aliyebebwa ndiye mwenye njaa zaidi. Tumeona kundi likicheza kwa nusu saa na kubishana juu ya maharagwe kwa saa nzima. Msaidizi, usiharakishe saa hiyo. Usitoe jibu. Mashamba, maji na pori la jimbo letu vinangoja mabishano kama hayo, na ni vizuri kujizoeza kwa maharagwe kwanza.

Miradi ina mwanzo na mwisho. Gari litaondoka, bango litaanguka, na ofisi itapata mpangaji mwingine. Katoni, vifuniko na kiberiti vitabaki kijijini, na pamoja navyo watabaki vijana wanaojua kwamba sheria hutungwa na watu wakikaa pamoja, na hurekebishwa na watu haohao. Kwa hiyo tunawaomba: msinakili pango letu. Rudini mkachore la kwenu, pamoja na wale ambao ni vigumu kukaa nao meza moja.

Vipande vyetu viko pale nyuma, na njiti 20 ziko tayari. Viti ni vinne. Tunaomba wanne wa kwanza wasitoke kijiji kimoja.