Anayemwogesha Mtoto Ndiye wa Kufundishwa

Ndugu wauguzi na wahudumu wa afya wa vijijini,

Nimeombwa kuzungumzia uelewa wa akina mama wa vijijini juu ya matunzo ya mtoto mchanga. Kwa maswali ya kliniki, uelewa upo. Muulize mwenye mimba ya kwanza kitovu kinapakwa nini, atajibu, "Hakipakwi kitu, nesi." Mtoto aanze kunyonya lini? "Ndani ya saa moja." Anapata yote. Kisha siku ya tano baada ya kujifungua anarudi na mtoto hanyonyi, kitovu kinanuka, kimepakwa majivu ya kifuu na mafuta ya nazi, na ngozi pembeni imevimba.

Binti wa miaka 19 aliyeniletea mtoto wa namna hiyo hakuinua uso. Aliyejibu ni mama yake: "Kilichelewa kudondoka." Nilimfokea. Alinyamaza, nami nikadhani ameelewa.

Huku kwetu Lindi mzazi wa kwanza mara nyingi hulelewa uzazi na mama yake. Anakandwa kwa maji ya moto, anapewa uji wa pilipili manga, analala. Mtoto anaogeshwa na bibi, na kitovu ni cha bibi. Miezi yote ya mimba sisi tunamfundisha binti.

Na bibi ana sababu zake. Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba kitovu kikidondokea sehemu za siri za mtoto wa kiume, atakuwa hanithi. Kwa anayeamini hivyo, kila siku kitovu kinapoendelea kuning'inia ni siku ya hatari. Majivu anayapaka ili kikauke upesi, kidondoke mbele ya macho yake. Tunapomwambia "usipake kitu" tunamnyang'anya majivu, hofu tunamwachia. Ndivyo ilivyo pia kwa kuogesha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24, asije akapoteza joto. Lakini ule utando mweupe anaozaliwa nao mtoto wapo wanaouona ushahidi kwamba wazazi walikutana mimba ikiwa kubwa, na hakuna bibi atakayeacha aibu ya mwanawe ionwe na majirani. Dang'a sina haja ya kuirefusha: siku hizi wanaoikamua na kuimwaga ni wachache kuliko zamani.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wazazi 81 kati ya 100 hujifungulia kwenye kituo, kutoka 63 mwaka 2015/16. Hata hivyo vifo vya watoto ndani ya siku 28 za kwanza vilishuka kutoka 25 hadi 24 tu katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Sisemi bibi ndiye muuaji. Wengi katika hao hufa siku ya kwanza, kwa kukosa hewa au kwa kuzaliwa njiti, wakiwa mikononi mwetu, na hilo lina semina yake. Uambukizo wa kitovuni, hata hivyo, mara nyingi huanzia nyumbani, na huko tunampelekea ujumbe mtu asiyeshika mtoto.

Ninachopendekeza hakihitaji bajeti. Mimba ikifika mwezi wa nane, tumuulize binti nani atamwogesha mtoto, jina liandikwe kwenye kadi, na hudhurio linalofuata waje wote wawili. Tusianze na makatazo. Tuanze na nepi.

Mwaka jana nilijaribu hivyo na bibi mmoja. Nilikunja nepi ikaishia chini ya kitovu, nikamweleza kwamba kikiachwa wazi kinapata hewa na kukauka, na mkojo haukifikii. Alitazama bila kusema neno. Kisha akauliza, "Na kikidondoka usiku, tumelala?"

Nikamwonyesha: sehemu za siri zimefunikwa, kitaangukia kwenye kitambaa.

Aliichukua nepi ile mkononi mwangu, akaifungua, akaikunja upya mwenyewe.