Sifa za Anayewatibu: Mazungumzo na Wananchi wa Mazingara



Koti jeupe pekee halimfanyi mtu kuwa daktari. Daktari husoma chuo kikuu miaka 5, kisha hufanya utarajali wa mwaka 1 hospitalini chini ya usimamizi. Ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika humsajili na kumpa leseni, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017. Anayetaka ubingwa, ukiwamo wa tiba ya familia, hurudi darasani na wodini kwa shahada ya uzamili.

Tabibu wa zahanati naye husoma stashahada ya miaka 3, kisha husajiliwa na Baraza hilohilo.

Mwenye mashaka na aulize leseni kabla ya kuchomwa sindano. Kuuliza si utovu wa adabu. Mtaalamu wa kweli haoni haya kuionesha.