Mtoto Asiyeitika Aitwapo

Hotuba ya wazazi wa watoto wenye usonji mbele ya maofisa wa Polisi na wananchi, Gisenyi



Sisi ni wazazi wa watoto wenye usonji. Usonji si laana, hauambukizi, wala hautokani na malezi mabaya. Ni namna ubongo unavyokua tangu utotoni, na mtu huishi nao maisha yake yote.

Siku yetu huanza kabla ya alfajiri, kwa maana usingizi wa watoto wetu ni haba. Chai sharti iwe katika kikombe kile kile, na njia ya sokoni iwe ile ile. Ikibadilika, kilio hakinyamazi upesi. Miongoni mwetu wamo akina mama wachuuzi wa mboga. Hao huvuka Petite Barrière kwenda Goma huku mioyo yao imebaki nyumbani, kwani si kila jirani akubaliye kuachiwa mtoto wa namna hii.

Hofu yetu kuu ni mlango uliosahauliwa wazi. Mmoja wa watoto wetu alitoka hivyo, akaonekana katikati ya umati uelekeao mpakani. Aliitwa, hakuitika, alishikwa mkono, akapiga mayowe. Baadhi ya wapita njia wakamdhania mkaidi, wengine mwizi. Kumbe kelele zilikuwa zimemzidi, naye hakuwa na maneno ya kujieleza.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Mkikutana na mtoto wa jinsi hiyo, msimfokee wala msimkamate kwa nguvu. Semeni naye maneno machache, kwa upole, mkimpa muda. Mkisikia amepotea, tazameni kwanza kando ya Ziwa Kivu, maana wengi wao huvutwa na maji pasipo kuijua hatari. Tena, mlio upande wa Rwanda, pigeni 112 papo hapo, msingoje jioni.

Nasi tunaahidi kushona nambari zetu za simu katika nguo zao, na kuwatambulisha kwa wakuu wa vijiji na kwa majirani. Wengi wetu tuliwaficha kwa aibu, tukidhani tunawalinda. Lakini mtoto asiyejulikana na mtu, siku akipotea, nani atamrudisha?